Kutembelea Alba Fucens, kijiji cha magofu na makanisa ya kale nchini Italia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na ndugu na marafiki wanaofika Roma wakabakiwa na siku moja au mbili mkononi. Wameshaona Colosseo, wameshachoka foleni, wanataka mahali patulivu. Jibu langu ni lilelile kila mara: panda treni uende Alba Fucens. Nimeyakusanya majibu hapa ili nisirudie kuandika kila anapokuja mgeni.

Alba Fucens iko wapi?

Iko mkoa wa Abruzzo, katikati ya Italia, mashariki ya Roma, kwenye mwinuko wa karibu mita 1,000 kutoka usawa wa bahari. Kiutawala ni sehemu ya Massa d'Albe, katika jimbo la L'Aquila, na mji mkubwa wa jirani ni Avezzano, kilomita chache tu kuelekea kusini. Mgongoni pana Mlima Velino wenye mita 2,486. Kijiji cha leo kinaitwa Albe tu. Jina refu la Alba Fucens ni la mji wa Kirumi, na ndilo lililoandikwa kwenye vibao vya barabarani.

Kwa nini niende huko nisiende Pompei?

Kama hujawahi kuiona Pompei, nenda, inastahili. Lakini Pompei utaona mji wa Kirumi peke yake, kama ulivyofunikwa na majivu ya volkano. Alba utaona jinsi watu walivyoendelea kuishi juu ya vitu vya waliowatangulia. Hekalu lilifanywa kanisa. Mji wa bondeni ulipohamwa, kijiji kikajengwa kilimani. Kijiji nacho kikaangushwa na tetemeko, watu wakashuka wakajenga kingine chini yake. Yote hayo unayapitia kwa miguu ndani ya nusu siku, na huenda usikutane na mtu zaidi ya mchungaji na mbwa wake.

Mji huu ulianzaje?

Warumi waliuanzisha mwaka 303 KK, baada ya kuwashinda Waaequi, wenyeji wa milima hii. Mwanahistoria Livius anaandika kwamba walipelekwa walowezi 6,000. Ilikuwa ngome kabla ya kuwa mji: walikaa pale kuilinda njia ya milimani na kuyachunga makabila ya jirani. Barabara ya Tiburtina Valeria, iliyotoka Roma kwenda upande wa Bahari ya Adriatiki, ilipita katikati ya mji. Ukuta waliouzungushia una urefu wa karibu kilomita tatu, na sehemu kubwa ungali umesimama. Utazame kwa karibu. Ni mawe makubwa yaliyochongwa pembe nyingi, yakapangwa bila chokaa wala udongo katikati, na mahali pengine hata ncha ya kisu haipiti.

Ni kweli kwamba mfalme wa Kiafrika alifungwa hapa?

Ni kweli, na nashangaa kwamba vitabu vingi vya watalii havimpi hata mstari mmoja.

Aliitwa Syphax, mfalme wa Numidia ya magharibi, nchi ambayo leo ni sehemu ya Algeria. Wakati wa vita vya Roma na Karthago, dola la Afrika Kaskazini, alianza kwa kuelewana na Warumi, kisha akahamia upande wa Karthago. Mwaka 203 KK alishindwa na kukamatwa. Masinissa, mfalme mwenzake wa Numidia aliyekuwa upande wa Roma, alikuwa miongoni mwa waliomkamata. Akavushwa bahari, na Baraza la Wazee la Roma likaamua awekwe Alba. Ukifika utaelewa kwa nini. Ni mbali na bahari, kumezungukwa na milima, na kwa ukuta ule mtu hatoroki. Baadaye alihamishiwa Tibur, ambayo leo ni Tivoli, na huko ndiko alikofia kwa mujibu wa Livius.

Hakuwa peke yake. Perseus, mfalme wa mwisho wa Makedonia, aliletwa hapa baada ya kushindwa Pydna mwaka 168 KK, akafia kifungoni. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, anasimulia kwamba mwanawe, Alexander, alijifunza ufundi wa kutia nakshi kwenye vyuma, akajifunza na Kilatini, akaishia kuwa karani wa mahakimu. Mtoto wa mfalme, wa ukoo wa watawala wa Makedonia, akiandika barua za watu wengine. Mwaka 121 KK akaletwa Bituitus, mfalme wa Waarverni kutoka Gallia, ambayo leo ni Ufaransa.

Hakuna chumba utakachoonyeshwa ukaambiwa hiki ndicho alimolala Syphax. Lakini simama juu ya kilima chochote cha Alba, geuka pande zote nne, uone milima ilivyofunga. Aliyezoea tambarare za Numidia na mbio za farasi aliamka kila asubuhi akiitazama milima hiyohiyo.

Kwenye magofu ya chini kuna nini cha kuona?

Mji wenyewe ulikuwa bondeni, katikati ya vilima vitatu, na kwa karne nyingi ulifukiwa na udongo ulioteremka kutoka juu. Wataalamu kutoka Ubelgiji walianza kuufukua mwaka 1949, wakiongozwa na Fernand De Visscher na Joseph Mertens. Leo unatembea juu ya mawe ya barabara yaleyale ya Kirumi. Utapita penye basilika, ambayo kwa Warumi haikuwa kanisa bali jengo la mahakama na biashara. Utaliona soko la vyakula lenye umbo la duara, mabafu ambayo sakafu yake ilipashwa moto kutoka chini, na patakatifu pa Hercules, shujaa aliyeabudiwa kama mungu.

Sanamu kubwa ya Hercules aliyeketi, iliyofukuliwa hapo, haipo tena kijijini. Iko katika makumbusho ya taifa ya akiolojia mjini Chieti, ndani ya Villa Frigerj. Kama safari yako inaelekea Pescara, pitia Chieti uione, kwa sababu ukiwa mbele yake ndipo unapopata picha ya ukubwa wa hekalu lililoihifadhi.

Usiondoke bila kuona uwanja wa mapigano, ule wa duara refu uliochimbwa kwenye mteremko. Una mita 96 kwa 79. Juu ya lango kuna maandishi yanayosema ulijengwa kwa urithi wa Macro, mkuu wa walinzi wa Kaisari Tiberius. Macro alilazimishwa kujiua mwaka 38 BK chini ya Kaisari Caligula, na mali aliyouachia mji ndiyo iliyojenga uwanja huo. Ingia kwa lango lilelile walilopitia wapiganaji, kisha ongea kwa sauti ya kawaida. Mwenzako aliye upande wa pili atakusikia.

Kanisa la San Pietro lina nini cha pekee?

Hapa ndipo ninapowaomba watu watulie. Ukiwa na saa tatu Alba, saa moja nzima iwe ya kilima cha San Pietro.

Kilimani hapo palikuwa na hekalu la Kirumi ambalo hudhaniwa lilikuwa la mungu Apollo. Wakristo hawakulibomoa. Waliligeuza kuwa kanisa, na katika karne ya 12 wamonaki Wabenedikto wakalipa sura lililonayo sasa. Ukizunguka nje utayaona mawe makubwa ya hekalu yakiwa ndani ya ukuta wa kanisa, chini ya mawe madogo ya zama za kati. Mtu haambiwi, anaona mwenyewe wapi mkono mmoja ulikoma na mwingine ukaanza.

Ndani, safu mbili za nguzo za Kikorinto, zenye vichwa vilivyochongwa kama majani, zinaligawa kanisa sehemu tatu. Nguzo hizo ni za Kirumi. Waliozichonga hawakumjua Petro, na sasa zimebeba paa la nyumba yake. Mbele kuna mimbari ya marumaru na kiambaza kinachotenga madhabahu, vyote vya karne ya 13, vimepambwa kwa vipande vidogo vya mawe mekundu, ya kijani na meupe vilivyopangwa kwa mistari na miduara. Ni kazi ya mafundi wa Roma, na mimbari ina majina yao, Giovanni na Andrea. Inama uyasome. Mafundi wengi wa zama hizo walikufa bila kuandikwa popote.

Sasa jambo ambalo wageni wengi hawalijui. Kanisa hili lilianguka. Tarehe 13 Januari 1915, saa mbili kasoro dakika nane asubuhi, tetemeko liliipiga Marsica yote, yaani eneo hili la kuzunguka Avezzano. Paa likashuka na kuta zikabomoka. Kwa miaka 40 kanisa lilikuwa rundo la mawe kilimani. Kati ya 1955 na 1957, Raffaello Delogu alisimamia kazi ya kulisimamisha upya. Vipande viliokotwa na kutambuliwa, vikarudishwa mahali pake, na ndani ya kuta wakaficha zege lenye nondo ili tetemeko jingine lisilivunje. Mimi si fundi, lakini nimesimama pale nikitafuta maungio kwenye mimbari, na nimetoka nikiwaheshimu waliochambua vifusi vile kipande kwa kipande.

Milango yake ya mbao iliyochongwa katika zama za kati imehifadhiwa katika makumbusho ya sanaa takatifu ya Marsica, ndani ya ngome ya Celano.

Kile kijiji kilichobomoka juu ya kilima ni cha nani?

Ni Albe ya zamani, kwenye kilima cha San Nicola. Mji wa Kirumi ulipofifia watu walipanda juu kutafuta usalama. Hawakuupata sana: mwaka 1268, baada ya vita vya Tagliacozzo vilivyopiganwa tarehe 23 Agosti kwenye tambarare ya jirani, Charles wa Anjou, mfalme wa kusini mwa Italia, aliuadhibu mji kwa kuwa upande wa Konradin, mpinzani wake. Baadaye ukoo wa Orsini ukajenga ngome ambayo minara yake unaiona hadi leo.

Tetemeko la 1915 ndilo lililomaliza yote. Katika Marsica walikufa karibu watu 30,000. Avezzano ilibaki bila nyumba za kuhesabika. Walionusurika Albe walijengewa makazi chini, na hapo ndipo kijiji kipo sasa. Hivyo ukipanda kwenye magofu ya juu, jua kwamba hayo si ya kale kama yale ya bondeni. Ni nyumba ambazo mababu wa watu wanaokusalimia barazani walizaliwa ndani yake. Usipige picha za kuruka na kucheka juu ya kuta hizo.

Kuna kanisa jingine la kuona karibu?

Lipo, na wapo wanaolipenda kuliko San Pietro: Santa Maria in Valle Porclaneta, nje kidogo ya kijiji cha Rosciolo dei Marsi, chini ya Mlima Velino huohuo. Kwa nje ni la kawaida, ungedhani ghala la mkulima. Ukiingia unakuta mimbari, kiambaza chenye nguzo nyembamba, na kibanda kilichosimama juu ya madhabahu, vyote kazi ya karne ya 12 ya mafundi Roberto na Nicodemo. Nakshi za kibanda hicho zinasokotana kwa mtindo uliotoka kwa mafundi wa Kiislamu, na aliyekulia Lamu au Unguja huenda akaikumbuka milango ya kwao. Tetemeko la 1915 halikuliangusha.

Huhitaji kuwa na gari la nguvu, lakini unahitaji gari. Basi halifiki.

Jina Fucens lina maana gani? Na ziwa liko wapi?

Linatokana na ziwa Fucino, ambalo Alba ilikuwa ikilitazama kutoka juu. Usilitafute, limekaushwa. Lilikuwa la tatu kwa ukubwa Italia, na lilikuwa likifurika na kuharibu mashamba kwa sababu halikuwa na mto wa kutolea maji. Kaisari Claudius alichimba handaki la karibu kilomita sita chini ya mlima ili kuyatoa maji. Suetonius, mwandishi wa Kirumi, anasema kazi ilichukua miaka 11 na watu 30,000. Halikumaliza ziwa, na baadaye likaziba. Katika karne ya 19 Alessandro Torlonia alirudia kazi hiyo kwa handaki kubwa zaidi, na kufikia miaka ya 1870 ziwa lote lilikuwa limekwisha. Leo pale ni mashamba ya viazi na karoti yaliyokatwa kwa mistari iliyonyooka. Ukiwa San Pietro jioni utayaona yote chini yako.

Nafikaje kutoka Roma?

Treni ya mkoa kutoka kituo cha Roma Tiburtina hadi Avezzano huchukua takriban saa mbili, ikipanda polepole katikati ya milima. Kaa dirishani. Mabasi nayo huondoka hapohapo Tiburtina, na huwa ya haraka zaidi kwa sababu yanapita barabara kuu ya kulipia. Kutoka Avezzano hadi Alba, basi zipo lakini ni chache, na Jumapili usizitegemee kabisa. Teksi ni rahisi, ila mkubaliane kabisa saa ya kukurudia, maana huko juu hutapata nyingine ya kusimamisha njiani.

Ukikodi gari, leseni ya Kenya au Tanzania peke yake haitoshi. Chukua leseni ya kimataifa kabla hujaondoka nyumbani.

Nahitaji viza gani?

Viza ya Schengen ya muda mfupi, kwa raia wa nchi zote za Afrika Mashariki, Kongo, na pia Oman. Inakuruhusu siku 90 ndani ya kila siku 180. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie angalau euro 30,000. Maombi hupokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari. Usingoje wiki mbili za mwisho.

Mimi ni Mwislamu. Naruhusiwa kuingia makanisani? Nivae vipi?

Unaruhusiwa, na hakuna atakayekuuliza dini yako. Mavazi ni yaleyale ya heshima tuliyozoea: mabega na magoti yafunikwe, kofia mwanamume avue. Hijabu haina tatizo. Ukikuta misa inaendelea, subiri nje au keti nyuma kimya bila kupiga picha.

Na chakula je?

Abruzzo ni nchi ya kondoo. Chakula chao maarufu ni arrosticini, vipande vidogo vya nyama ya kondoo kwenye vijiti, vinavyochomwa juu ya makaa ya mkaa na kutiwa chumvi tu. Ni mishikaki, kwa ufupi, ila bila tangawizi wala ndimu. Utaagiza kumi, utaongeza kumi. Kwa anayekula halali tu, fahamu kwamba nyama hiyo kwa kawaida haijachinjwa kwa utaratibu wa Kiislamu, na kwamba michuzi mingi ya tambi huwekwa mafuta ya nguruwe hata pale jina la chakula halisemi hivyo. Uliza: "C'è maiale?" yaani kuna nguruwe? Viazi vya Fucino, dengu za milimani, jibini na mboga zitakushibisha vizuri. Zafarani ya Navelli, upande wa L'Aquila, ni miongoni mwa zafarani bora za Italia. Mama anayepika pilau au biriani kwa zafarani atakushukuru ukimletea.

Jikoni hufungwa baada ya saa nane na nusu mchana. Ukifika saa tisa utaambiwa usubiri hadi usiku.

Msimu gani ni mzuri?

Mei na Juni, au Septemba hadi katikati ya Oktoba. Agosti kuna jua kali na magofu hayana kivuli. Kuanzia Desemba hadi Machi kuna theluji na baridi ya kuuma masikio. Ni pazuri kwa macho, lakini mawe huteleza.

Nikiwa na mzee au mtoto?

Mtoto atafurahi, ana uwanja mzima wa kukimbia. Mzee anayetembea taratibu ataweza magofu ya bondeni, akiwa na viatu visivyoteleza, kwani mawe ya Kirumi yamepinda na kusuguliwa. Kilima cha San Nicola asipande. Kiti cha magurudumu kitapata taabu karibu kila mahali, na ni afadhali uliweke wazi hilo mapema kuliko kumvunja mtu moyo akiwa getini. Chupa ya maji ijaze kwenye bomba la kijiji. Pasipoandikwa "non potabile", maji ni ya kunywa.

Naweza kuokota kijiwe kidogo cha kumbukumbu?

Hapana. Hata kigae cha ukubwa wa kucha. Kwa sheria ya Italia kila kitu cha kale kilicho ardhini ni mali ya dola, na kukichukua ni kosa la jinai. Lakini hata kama isingekuwa sheria: mimbari ya San Pietro iliweza kuunganishwa tena kwa sababu vipande vilibaki kilimani.

Nikikuta San Pietro limefungwa, nifanyeje?

Utalikuta limefungwa mara nyingi, kwa hiyo usifike bila kujiandaa. Siku moja au mbili kabla, wasiliana na halmashauri ya Massa d'Albe au ofisi ya utalii ya Avezzano uulize nani anafungua na saa ngapi. Porclaneta ni vivyo hivyo: anza Rosciolo, uulize habari za ufunguo kabla hujaenda kanisani. Ukifika kijijini bila miadi, ingia kwenye baa, agiza kahawa, salimia kwa "buongiorno" kabla ya kitu chochote, kisha uliza: "Chi ha la chiave della chiesa?" Nani ana ufunguo wa kanisa? Usiulize kwa haraka haraka. Mara yangu ya kwanza niliulizwa kwanza natoka wapi, nimekula, na kama kwetu kuna milima. Nilipomaliza kueleza habari za Kilimanjaro, mzee mmoja alikuwa ameshainuka kuvaa koti.